Maneno Aliyopewa Mpanda Farasi

Lifti ya jengo la redio ilikuwa imejaa pomoni. Mtunzi wa michezo ya kuigiza alibanwa ukutani, gauni lake la njano limejikunja, karatasi kazikumbatia kifuani.

"Muuaji ni malkia," sauti nzito ilisema nyuma ya bega lake.

"Nani kakuruhusu kusoma?"

"Macho hayana breki, dada."

Alicheka bila kutaka. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kale, ya mfalme aliyefia karamuni ndani ya ngome yake. Yeye alikuwa akiigeuza kuwa ya upelelezi, irushwe redioni kila wiki. Mwenye sauti alikuwa fundi mapazia, amekuja kujaribiwa uigizaji. Akapewa nafasi ya mpanda farasi, mpenzi wa siri wa malkia. Haikupita muda, wawili hao wakawa wanapigiana simu mpaka masikio yanapata moto.

"Umekula, mpenzi?" fundi aliuliza.

"Bado. Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Mwone! Mimi nikikusikia tu, moyo unakaa kitako."

Siku ya kurekodi sehemu ya mwisho, fundi alifungua karatasi zake. Muuaji si malkia tena; mpelelezi amemnasa mpanda farasi: ndiye aliyetia sumu. Naye mpanda farasi, akiwa tayari ametiwa pingu, anamwambia malkia, "Nikikusikia tu, moyo unakaa kitako."

Waigizaji wenzake wakaangua kicheko. Fundi akaziweka karatasi mezani taratibu, akatoka. Tangu hapo simu yake ikawa inaita tu.

Mtunzi alipochoka kupiga, alimfuata kazini. Alimkuta kapiga magoti juu ya kitambaa, pini mdomoni.

"Maneno yangu umempa muuaji," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Uzuri wako. Aliyekutangulia naye alikuwa na maneno matamu, kumbe ana mke. Nikawa nakutafutia kosa. Nilipolikosa, nikalitunga."

"Kwa hiyo mpelelezi wako hakuwa na ushahidi?"

"Hata chembe." Alitoa karatasi mpya. "Nimeiandika upya. Yale maneno nimeyatoa. Hayakuwa ya kusikilizwa na watu."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja. Akamsogezea kigoda.

"Ungeniuliza, mpenzi. Ningekujibu lolote."

"Najua. Nisamehe."

Fundi alimfuta chozi kwa kidole, akamwachia vumbi la chaki shavuni.

"Jumapili twende kwa mama," alisema. "Amechoka kusikia habari za mkwe asiyemwona."

Mtunzi alilitazama gauni lake.

"Nivae nini?"