Mahari Imerudi, Mtoto Bado Wako

Kila siku Rémy alipakua magunia kutoka gari moshi la mizigo pale stesheni ya Kindu. Saa sita, wenzake walipokwenda kula, yeye alishika njia ya shule katika mtaa wa Mikelenge. Alisimama ng'ambo ya barabara kumtazama binti yake, Gisèle, akitoka darasani. Hakumwita. Gisèle akishapotea machoni, Rémy alirudi kazini na njaa yake.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aachane na Bibiche, mama wa Gisèle. Matata, kaka yake Bibiche, alimrudishia Rémy mbuzi wa mahari, na wazee wakasema mambo yamekwisha. Hakuna aliyemtaja mtoto. Rémy akaamini kwamba aliyepokea mbuzi ameacha mke na mtoto pia. Hata kupeleka mchele aliogopa, wasije wakasema anamtaka mke tena.

Tena kulikuwa na kidonda cha zamani. Wakati wa vita baba yake alivuka mto Lualaba kutafuta chumvi, asirudi. Rémy alikuwa na miaka sita, na sasa sura ya baba yake haikumbuki hata kidogo. Gisèle naye ametimiza miaka sita.

Siku moja jirani yake, Mama Espérance, alimwuliza mbona anakonda hivyo. Mama huyo alifanya kazi na familia kwenye tribunali, mahakama ya watoto. Rémy akamweleza yote.

"Papa Gisèle," alisema Mama Espérance, "mbuzi ni mambo ya ndoa. Ndoa imekwisha. Mutoto iko wako, na iko wa mama yake."

"Na Matata akikatala?"

"Juge wa tribunali njo anakata maneno, si Matata. Anaangalia fasi mutoto atakaa muzuri. Muzazi mwenye hakai naye iko na haki ya kumuona. Na wote wawili munamulisha, kila muntu kwa nguvu yake. Lakini usiende kumunyanganya. Ile itakuharibia."

Rémy na Mama Espérance walikwenda kwanza kuongea na Bibiche. Bibiche alikasirika huku analia.

"Nilizania ulimutupa," alisema.

Kisha alikubali, na yeye na Rémy wakafika mbele ya hakimu. Hakimu aliamua, akaandika: Gisèle abaki kwa mama yake. Baba awe naye kila Jumamosi, asaidie chakula na shule.

Jumamosi ya kwanza Gisèle alijificha nyuma ya mama yake. Ya pili alikula samaki wa baba yake huku amempa mgongo. Ya tatu gari moshi lilichelewa, na Rémy akafika Mikelenge kwa kina Gisèle alasiri, jasho likimtiririka. Gisèle alikuwa amekaa mlangoni, viatu miguuni, amenuna.

"Papa, Jumamosi njo siku yetu," alisema. "Nimekungoja tangu asubui."

Rémy akamwomba msamaha, vile anavyoombwa mtu mzima. Miaka miwili alikuwa anamngoja mtoto huyu. Hakuwahi kufikiri kwamba iko siku naye atangojwa.