Mwanafunzi wa Kiti cha Nyuma

Siku kiti kilipomjibu, Kasuku hakuogopa. Alicheka.

Mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ajabu ni kwamba mdomo huohuo ulimsaliti mwaka uliopita mbele ya wasaili wa chuo cha ualimu. Walimuuliza swali jepesi, "Kwa nini unataka kuwa mwalimu?" akabaki ametoa macho. Sasa alikuwa ameitwa tena, na chuo kile hakimwiti mtu mara ya tatu. Hivyo kila alasiri alipanga viti katika chumba cha kupimia nguo cha shangazi yake, fundi cherehani, akavifundisha.

"Hamjambo, watoto?" alisema siku hiyo.

"Hatujambo, mwalimu," kikajibu kiti cha nyuma.

Alidhani shangazi anamtania. "Haya, kaeni," akasema, na kile kiti kikatoa mlio kama kimekaliwa na mtu mzito. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ya shangazi ilikuwa ikinguruma vilevile.

Kuanzia hapo chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kila Kasuku alipojiuliza lile swali la wasaili, kutoka kiti cha nyuma ilikuja sauti yake mwenyewe, na kicheko chake na kikohozi chake, ikisema hataki tena ualimu, hawezi, akashone vifungo, na kila siku sauti ile ikazidi kunenepa huku yake ikizidi kukonda, hata siku moja kabla ya usaili akawa hawezi kuomba chumvi mezani ila kwa kunong'ona.

Shangazi akamleta mganga. Mganga alinusa mlangoni, akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani alimwambia akae?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," Kasuku akanong'ona.

"Basi jini umemwandikisha darasa mwenyewe, mwanangu. Mimi simwezi. Aliyemkalisha ndiye wa kumwinua. Au achana na huo ualimu, ataondoka."

"Achana nao, mama," shangazi akamsihi. "Tushone tu. Kushona nako si kazi?"

Kasuku aliogopa, lakini hasira ilikuwa imemfika shingoni. Mgeni anakula sauti yake, halafu yeye ndiye apishe njia?

"Siachi," akasema kwa kile kisauti kilichobaki, akaingia na kufunga mlango.

Ile harufu ilimpiga usoni. Akasimama mbele ya viti.

"Kwa nini unataka kuwa mwalimu?"

"Sitaki," ikajibu sauti yake kutoka nyuma.

"Sijakusikia. Darasani kwangu anayejibu husimama."

Kasuku akapiga hatua moja mbele.

"Hujui jibu, siyo? Nimpe mwingine nafasi?"

Jini ana kiburi, na mwenye kiburi ukimwambia hajui umemchoma kisu. Kiti kikatoa mlio, kitu kikainuka, kikapanda, kikapanda tena mpaka mbao za dari zikalalamika na mwanga wa dirishani ukafifia, na Kasuku, meno yakigongana na machozi yakimtiririka, akapita chini ya kivuli kile, akakinyakua kiti na kukikumbatia kifuani.

"Sijakwambia ukae," akasema. "Toka nje ya darasa langu!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Upepo wa moto ukapita, mganga akajibanza ukutani, na shangazi akafumba macho. Kisha ikabaki harufu ya nguo mpya tu.

"Ametoka?" shangazi akanong'ona.

"Ametoka. Ingia, shangazi, uniulize." Sauti yake ilisikika hadi kwa jirani.

Shangazi akaingia akinyatia, asithubutu kugusa kiti chochote. "Kwa nini... kwa nini unataka kuwa mwalimu?"

Kasuku akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nataka nini tena, shangazi? Mwalimu nimeshakuwa. Kesho nakwenda kuwaarifu tu."