Chembechembe za Picha ya Saba

Aliitwa apige picha moja tu. Moja ya kumtumia baba mtoto, basi, arudi zake nyumbani kabla giza halijashika.

Mama mdogo alikuwa mpiga picha wa kazi, na mtoto mwenyewe alikuwa wa dada yake mkubwa: kasichana kalikozaliwa kabla ya siku zake, kadogo hata wakakaita Kidole. Wawili waliomtangulia walizikwa kabla ya kufikisha mwezi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inaishi kwa masikio. Ukiingia, cha kwanza kusikia ni pumzi ya Kidole. Puu... puu... kama mtu anayepuliza chai ya moto. Ikikawia kidogo, watu wazima wote wanaacha walichoshika.

Baba yake alikuwa hajamwona. Yuko kazini mbali, na usiku huo huo anaingia machimboni ambako simu haishiki, miezi mitatu mizima.

"Usimpige na taa," dada mtu alinong'ona. "Ukimwamsha utamnyonyesha wewe."

"Nimnyonyeshe na nini, lenzi?"

Bibi mzaa baba, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, akacheka kwa pua.

Chumba chenyewe finyu, kitanda na kabati tu. Mama mdogo akafunga lenzi pana, ile inayomeza chumba kizima lakini hupinda vitu vya pembeni. Dirishani ulikuwa umebaki wekundu kidogo wa jua. Akaiongezea kamera uwezo wa kuona gizani, akijua fika picha zitajaa chembechembe kama zimemwagiwa mchanga. Si neno, atazisafisha. Akapiga saba, zote mbichi. Picha mbichi, kwa asiyejua, ni ile ambayo kamera haijaipika: kila kilichoingia kwenye jicho lake kimo humo, kizuri na kibaya. Kuipika ni kazi ya kompyuta.

Akaketi sebuleni na kompyuta yake. Kati yake na chumba palikuwa na pazia tu la mlangoni.

Puu... puu...

Alianza kwa kunyoosha. Programu ile inaijua kila lenzi na ulemavu wake. Unabonyeza mara moja, na kilichopindwa na lenzi kinarudi sawa. Dirisha likanyooka. Kabati likanyooka. Ukingo wa kitanda ukanyooka kama umepigiwa rula.

Kando ya kabati palikuwa na kitu ambacho hakikunyooka.

Kirefu, cheusi, kimeinamisha shingo kama mtu aliyeingia nyumba yenye dari fupi. Pazia hilo, alijiambia. Kisha akakumbuka kwamba wakati anapiga, pazia lilikuwa mgongoni kwake. Kule kwenye kabati ni ukuta mtupu.

Akavuta kile kitufe cha kusafisha, taratibu. Chembechembe zikayeyuka ukutani, zikayeyuka kwenye shuka, kwenye shavu la mtoto. Kando ya kabati hazikuyeyuka. Zilisogeleana.



Akafungua picha ya pili. Kile kitu kimeachana na kabati. Ya nne, kiko kwenye mto. Na kati ya picha na picha hazikupita hata pumzi mbili, na chumbani walikuwemo yeye, dada yake na bibi, basi. Angepishana na nani asimwone?

Ya saba... kimemwinamia Kidole. Mkono mmoja mrefu umeingia chini ya kisogo chake.

Harufu ya udongo mbichi ikamfikia pale mezani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mwingine angekimbia. Yeye alifanya kile alichozoea kukifanyia kila kinachomharibia picha. Akavuta kitufe cha kusafisha mpaka mwisho wake, kule ambako hata siku moja hakuwahi kukifikisha. Na kwa mazoea ya mikono yake, maana akishatengeneza moja huzimwagia nyingine zote marekebisho yale yale ili asirudie kazi, akazimwagia saba zote kwa mpigo.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Moja kati ya saba. Mbili. Kwenye ile ya saba iliyokuwa wazi mbele yake, kile kitu kikaanza kukonda. Shingo ikaenda. Bega likaenda. Akashusha pumzi ndefu.

Akasikia ya kwake peke yake.

"Mdogo wangu..." Sauti ya dada yake nyuma ya pazia, nyembamba kama uzi. "Mbona amenyamaza?"

Mama mdogo akatazama picha. Uso wa Kidole ulikuwa laini kama sahani. Matundu ya pua hayapo. Mdomo ulikuwa mstari, nao unafutika.

"Mgeuze," bibi alisema kule ndani. "Msugue nyayo. Msugue, mwanangu, usilie."

Hakuna aliyemwambia, lakini alijua: anachokifuta ni mtoto. Akabonyeza kusitisha. Kompyuta haikumsikia. Kompyuta ya namna ile ikishakamata kazi haisikii la mtu. Nne kati ya saba. Akabonyeza tena. Kijiduara kinazunguka tu. Azime? Na kama ikizimika na mtoto yumo humo, nusu kafutwa? Akaiondoa mikono, akaikalia.

Tano.

Ngozi kwa ngozi, viganja vya bibi juu ya nyayo ndogo, shwa, shwa, shwa.

Sita.

"Amekuwa baridi," dada yake akasema.

Saba.

Akabonyeza: rudisha ya mwanzo, zote. Na hapo ndipo uzuri wa picha mbichi ulipo. Yenyewe haiguswi kamwe. Usafi wote ni nguo unayoivisha, na nguo huvuliwa. Zikavuliwa moja moja. Ya kwanza. Ya tatu. Ya sita... Mchanga ukamwagika tena juu ya ile ya saba. Shavu likapata shavu. Pua ikapata matundu. Na chini ya kisogo, ule mkono.

Kimya.

Puu.

Kisha kikatoka kilio, chembamba, chenye hasira, kitamu kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia.

Bibi akatoka chumbani jasho likimtiririka, akasimama nyuma ya kiti. Aliitazama picha kwa muda mrefu, wala hakushtuka.

"Mwanangu nilipigwa naye picha ana wiki mbili," alisema chini chini. "Baba yake huyu. Na doa lile lile pembeni. Mpiga picha akataka alikwangue. Nikamkatalia."

"Na wale wawili, mama?" mama mdogo aliuliza.

"Wale tuliwapeleka studio. Walitoka safi, weupe, wazuri mno."

Mama mdogo akakigusa kile kitu kwenye kioo. "Huyu ni nani?"

"Sijawahi kumuuliza."

Mkono chini ya kisogo. Ulikaa kama wa mtu anayetegemeza, au wa mtu aliyekwisha kuchukua, akawa anangoja tu. Kadiri alivyokodoa macho ndivyo alivyozidi kukosa hakika.

Dada mtu hakutaka kusikia habari hizo. Mume wake lazima amwone mwanawe, akasema, hata kwa mchanga huo huo. Wakachagua ya saba, maana ndiyo ambayo uso unaonekana vizuri. Wakaituma ilivyo, imepinda, imejaa chembechembe. Katika furaha ya kilio kile, hakuna aliyekumbuka kumwambia asiiguse.

Jibu lilikuja haraka.

"Mashallah, mke wangu! Ila picha ilikuwa na ukungu, nimeisafisha kwa simu. Ona anavyong'aa sasa. Ndiyo tunaingia, nawapenda."

Na picha chini yake. Pembeni hapana kitu. Uso laini kama sahani.

Mama mdogo akaandika upesi: irudishe, ifute hiyo. Ujumbe ukabaki na tiki moja. Akapiga. Simu haipatikani.

Labda nakala haina nguvu. Labda ni ile mbichi peke yake. Alijiambia hivyo mara nyingi akielekea chumbani, ambako dada yake alikuwa amelaza sikio kifuani kwa mtoto.

Puu... puu...

...

Puu.

Bibi akamfuata, akapanda kitandani. Akasogea hadi ukingoni, akavuta shuka, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa ukutani, kule kwenye kabati.