Tairi la Nyuma la Kifaru

Kifaru alianza kutikisa nyuma pale barabara ya changarawe ilipokata kona kuufuata ukingo wa korongo. Kinyozi, aliyekuwa amekaa kiti cha abiria, aliusikia mtikisiko ule makalioni kabla haujamfika akilini. Papo hapo upepo uliokuwa ukiwasukuma tangu asubuhi ukageuka, ukawarudia usoni na vumbi zito. Njia ikapotea. Baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyeshika usukani, hakugusa breki. Alipunguza mafuta taratibu, akaelekeza macho kule anakotaka kwenda, akailaza pikipiki kushoto.

Kinyozi akaegemea kulia.

Hakukusudia. Mwili ukiogopa kuanguka hukimbilia upande wa pili, na hakuna aliyewahi kumwambia asiuachie. Kifaru akaikataa kona. Tairi la nyuma likateleza, kokoto zikaruka, pikipiki nzima ikatoka barabarani kwa upande wa kulia na kutumbukia kwenye mtaro. Kinyozi alirushwa juu ya mchanga, akabingirika, akasimamishwa na kichaka. Alipoinua kichwa akasikia injini ikinguruma na mzee wake akipiga kelele.

Kifaru lilikuwa jina la utani. Watoto wa mtaani ndio waliolitoa, kwa sababu pikipiki ile ilikuwa ndefu, nzito, imekaa chini chini, ina usukani mpana kama pembe na vikanyagio vilivyowekwa mbele hata dereva huonekana ameegemea barazani kwake. Baba mkwe aliinunua alipostaafu udereva wa treni. Kila asubuhi ya safari aliizunguka kabla ya kupanda: hewa ya matairi yakiwa bado baridi, kina cha mafuta ya injini, mkanda wa kuzungusha gurudumu la nyuma, taa, breki, nati. Na kila abiria, awe mjukuu au mwenye nyumba mwenye kitambi chake, alipewa somo kabla ya injini kuwaka. Nishike kiuno. Tukiingia kona, tazama juu ya bega langu la upande ule ule. Nikilala, lala nami.

Abiria mmoja tu hakupewa somo lile, naye ni mkwewe. Mzee atamwambiaje mume wa binti yake, nishike kiuno? Kinyozi naye angeanzia wapi kumkumbatia baba wa mkewe mchana kweupe? Basi wakapanda, kinyozi akashika chuma cha nyuma ya kiti, na kati ya mgongo wa mmoja na kifua cha mwingine kukabaki nafasi ya kiganja iliyojaa heshima tupu. Tena kulikuwa na jambo jingine. Alfajiri ile, wakati mizigo ikifungwa, kinyozi aliona tairi la nyuma limelala kidogo pale chini. Akanyamaza. Nani amfundishe dereva wa treni habari za magurudumu? Mzee naye hakupima hewa, kwa kuwa alimkuta mkwe amekwisha kuvaa helmeti na kusimama wima kama askari, akaona haya kumsubirisha. Heshima si utumwa, walisema wahenga. Hawakusema kama inaweza kuvunja mguu.

“Swichi,” mzee aliita. “Ile nyekundu, mkwe wangu. Tafadhali.”

Kinyozi alitambaa, akaikuta kwenye mkono wa kulia wa usukani, akaibonyeza. Injini ikanyamaza. Harufu ya petroli ilikuwa kali; ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mfuniko wa tangi hadi kwenye mchanga, karibu kabisa na ekzosi ya moto. Chini ya ekzosi ile palikuwa na mguu wa kulia wa baba mkwe.

Chuma cha kukinga miguu kilikuwa kimeacha uwazi kidogo kati ya pikipiki na jiwe, la sivyo mguu ungesagika. Hata hivyo, chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

“Nitakuvuta, Baba.”

“Hutaweza. Inua pikipiki kwanza.” Mzee alikuwa akihema kwa vipande. “Naomba radhi kukusumbua.”

Kinyozi akashika usukani kwa mikono miwili, akavuta kwa mgongo. Kifaru hakushughulika hata kujitikisa. Akajaribu tena hadi akaona nyota. Mzee akafumba macho, akasema kwa upole ule ule wa mezani, “Kama utaona vyema, mkwe, ungeipa mgongo. Toa stendi kwanza ili isiangukie upande wa pili. Weka gia isiserereke. Halafu kaa kwenye kiti chake, shika usukani na chuma cha chini, usukume kwa miguu.”

Akafanya hivyo. Makalio kwenye kiti, mgongo umenyooka, visigino mchangani, akarudi kinyumenyume hatua fupi fupi. Kifaru akainuka kidogo kidogo, akasimama, akaegemea stendi. Kinyozi alimvuta mzee pembeni, akaenda kuangalia maji. Chupa kubwa ilikuwa kwenye mkoba wa kulia wa pikipiki, na mkoba wa kulia ndio uliolaliwa. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia ardhini. Ilibaki chupa ndogo ya mkoba wa kushoto, na yenyewe ilikuwa nusu.

Simu haikuwa na mtandao. Tangu walipotoka kwenye lami hawakupishana na gari hata moja. Walikuwa wakienda kumjulia hali dada wa mzee, na mke wa kinyozi alikuwa amemshika mumewe mkono mlangoni akasema, “Macho ya baba siku hizi yanachoka. Nenda naye, unirudishie mzima.” Sasa kinyozi aliutazama mguu ule ukivimba na suruali ikilowa damu.

Alichana shati lake, akafunga jeraha akikandamiza mpaka damu ikapungua. Akauzungushia mguu kigodoro chembamba cha safari, akakibana kwa kamba za mizigo. Mzee aliuma glovu yake ya ngozi, hakulia.

“Wachimba visima,” alisema alipoitema. “Wana kambi ng'ambo ya mto mkavu. Fuata nguzo za simu za zamani. Nenda, uniache hapa na maji.”

“Siwezi.”

“Peke yako utafika haraka.”

“Nikirudi na vumbi hili nitakuona wapi?”

Vumbi lilikuwa nene kiasi kwamba ukingo wa korongo, hatua chache tu kutoka pale, haukuonekana.

Kinyozi alitoa pampu ya mkono na kipimo cha hewa. Akapiga magoti nyuma ya Kifaru. “Baba,” alisema bila kugeuka, “tairi hili niliona alfajiri limelala. Nikaogopa kusema.”

“Na mimi sikupima,” mzee alisema. “Nilikuona umesimama unanisubiri.”

Hawakuwa na muda wa kuoneana huruma. Kinyozi alipampu. Jasho lilimtoka na kukauka kabla ya kufika kidevuni, midomo ikapasuka, na kila alipopima mzee alitikisa kichwa. Mizigo inataka hewa zaidi, watu wawili zaidi. Hatimaye akakubali. Wakakagua yaliyobaki: mafuta ya injini yalionekana kwenye kioo chake, mkanda uko mahali pake, usukani umepinda kidogo lakini unageuka. Ila kanyagio la breki ya nyuma lilikuwa limekunjwa na kuingia chini ya injini, halisogei.

“Una breki ya mbele tu,” mzee alisema. “Na breki ya mbele kwenye mchanga, gurudumu likiwa limegeuka, inakuangusha palepale. Mwendo utaupunguza kwa gia.”

Kinyozi aliwahi kuendesha vipikipiki vya kukodi ujanani, vile unavyoweza kuvisimamisha kwa kisigino. Alimpandisha mzee nyuma, mguu uliofungwa akaulaza juu ya mkoba, mbali na ekzosi, akaufunga. Akawasha. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakubali. Akaachia klachi; Kifaru akaruka kama aliyechomwa sindano, akazima, akaanza kulala. Kinyozi alimkinga kwa paja, misuli ikitaka kukatika. Nyuma yake mzee aligumia.

“Pengine,” sauti ilisema, dhaifu, “kama haitakuwa taabu, ungejaribu kuachia polepole kidogo...”

Kinyozi akazima swichi. Alihisi hasira, na hasira yenyewe ilimshangaza.

“Baba, adabu hii itatuua. Wale vijana uliokuwa ukiwafundisha treni, uliwaombaje?”

“Sikuwaomba.”

“Uliwaambiaje?”

“Niliwatukana.”

“Basi nitukane. Leo sahau kwamba nimeoa kwako. Na mimi nitasahau. Nishike kiuno.”

Mikono ya mzee ilisita hewani. Kisha ikamzunguka, ikakutana juu ya tumbo lake, na nafasi ile ya kiganja ikaisha.

“Vidole viwili kwenye klachi, bumunda wee,” sauti ilinguruma sikioni. “Unashika usukani kama unakamua nguo. Legeza mabega. Macho juu. Ukitazama jiwe utaligonga jiwe.”

Kifaru akatoka mtaroni kwa mshazari, akapanda barabarani.

Walikwenda nguzo kwa nguzo. Kila nguzo ilijitokeza ghafla kutoka kwenye vumbi, na kabla ya kuiona ya pili kinyozi alikuwa akiendesha kwa imani tupu. Upepo ulimpiga shavu la kushoto. Ukihamia usoni, mzee alimpigia kelele arudi. Alijifunza kuushusha mwendo gia moja moja, na kuipa pikipiki mafuta kidogo pale mchanga ulipojaribu kulimeza gurudumu la mbele. Kila alipofunga mafuta kwa woga alitukanwa. Aliitwa kunguni, aliitwa gunia la viazi, aliulizwa kama hata ndevu za watu hunyoa akiwa amefumba macho. Hakuwahi kufarijika hivyo maishani. Matusi yalimaanisha mzee yu hai.

Kwenye kona ya kwanza ya kulia, Kifaru akakataa tena kulala. Kinyozi alijua mara moja sababu: nyuma yake mwili ulikuwa umejikaza kuelekea kushoto, ukiukimbia ule mguu. Changarawe za ukingoni zilianza kulia chini ya tairi.

“Baba, tazama bega langu la kulia.”

“Mguu...”

“Bega la kulia. Nikilala, lala nami.”

Mzee alitoa sauti kama kitambaa kinachochanika, akaegemea kulia. Kifaru akalala, akaifuata kona kwa utii.

Mtoni matusi yakakoma.

Mto ulikuwa mkavu, mpana, mchanga mtupu, na njia ya kuteremkia ilikuwa na mwinamo. Kinyozi aliita. Hakujibiwa. Mikono iliyokuwa tumboni mwake ilianza kuteleza. Akasimama akitumia miguu na gia, akaweka stendi juu ya jiwe bapa ili isizame, akageuka. Uso wa mzee ulikuwa na rangi ya majivu, macho yamefunguka nusu. Akamtilia maji kinywani, yote yaliyobaki, tone kwa tone. Mengine yalimezwa.

Ng'ambo, juu ya vumbi lililoanza kutulia, aliona ncha ya mnara wa kuchimbia. Akavua mkanda wa suruali, akachukua na kamba ya mwisho, akamfunga baba mkwe mgongoni kwake kama mama anavyofunga mtoto. Alijua maana yake. Wakianguka sasa hakuna atakayemwinua mwenziwe, wala Kifaru. Akawasha.

“Macho juu,” alijiambia kwa sauti ya mzee. “Usifunge mafuta, kunguni wee.”

Mchanga ulimshika gurudumu la mbele, ukalivuta kushoto, kulia. Hakugusa breki. Alikaza macho kwenye mnara, akaongeza mafuta, akahisi nyuma ikizama na kusukuma, ikizama na kusukuma, tairi gumu likitafuta ardhi na kuipata. Injini ilinuka joto. Kichwa kizito cha mzee kilimgonga bega. Kisha ardhi ikawa ngumu, Kifaru akapanda ukingo wa pili kwa mngurumo mmoja, na mbele pakawa na mahema, matangi ya maji, na watu wanaokimbia.

Hakuweza kushuka. Wachimba visima waliishika pikipiki pande zote mbili wakati mmoja wao akifungua mafundo.

“Huyu ni nani wako?” aliuliza akimlaza mzee kivulini.

“Baba,” kinyozi alisema, na safari hii hakuongeza neno mkwe.

Mzee alipoteza vidole viwili vya mguu, akabaki na kuchechemea. Alipopata nafuu alitaka kwenda kumwona dada yake, kwa kuwa ahadi ni deni. Alfajiri ya safari, mke wa kinyozi alishtushwa na kelele uani.

“Kwa mizigo hii? Baba, umeshaanza kuzeeka kichwa?”

“Nimepima, mbumbumbu wee.”

“Umepima jana, tairi likiwa na joto. Pima tena.”

Alitoka mbio, kanga begani, akijua ndoa yake imefika mwisho. Aliwakuta wamepiga magoti nyuma ya Kifaru, vichwa vimegusana, wakisoma kipimo kimoja.

“Kuna nini?” aliuliza.

“Tairi,” walijibu wote wawili bila kugeuka.

Kinyozi aliongeza hewa mpaka mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavaa helmeti, akapanda mbele, akangoja. Baba mkwe alijipandisha nyuma kwa taabu, akanyoosha mikono na kumshika kiuno kwa nguvu kabla hajaambiwa.