Watoto Wangapi?

Kila Jumamosi, Nasieku alipomaliza kufua sare za shule, yeye na mama yake walitoka kutafuta nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba wao alikuwa amewataka wahame mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwanawe alikuwa anaoa. Tangu hapo walikuwa wamezunguka Kitengela nzima, vumbi hadi magotini. Nyumba nzuri zilikuwa ghali, na wenye nyumba za bei nafuu walikuwa na swali moja: watoto ni wangapi? Mama akijibu watatu, huambiwa nyumba imeshachukuliwa, hata kama kibao cha kupangisha bado kinaning'inia langoni.

Siku hiyo Nasieku alichoka mapema. Kilichomchosha zaidi ni maneno aliyomsikia mama akimwambia shangazi wa Kajiado kwa simu. Nyumba isipopatikana, mapacha, Katoo na Oscar, watapelekwa kwa nyanya yao Namanga. Walikuwa na miaka mitano tu, na Katoo hakupata usingizi bila kumshika Nasieku sikio.

Mchana wakafika kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga nyuma ya soko. Nasieku akainamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wakubwa, naye Mama Kahiga, mwenye nyumba, akakigusa kuitikia salamu. Kisha akawaonyesha vyumba viwili safi, kwa kodi ambayo mama angeiweza.

"Uko na watoto wangapi?" akamuuliza mama.

Mama akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, Nasieku akamtangulia. "Ni mimi peke yangu."

Mama akamtazama, akainama, akanyamaza. Uchovu ulikuwa umemfunga mdomo. Mama Kahiga akawapa ufunguo na kuwaambia wahamie Jumatatu.

Nasieku alidhani angefurahi, lakini njiani akaanza kuwaza. Ufunguo wanao, na Katoo je? Mtoto anayeimba tangu anapoamka ataambiwa anyamaze hadi lini?

"Mama, tutawaficha wapi?"

Mama akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu na kukung'uta mchanga. "Sijui, mwanangu. Nimechoka hata kufikiria. Wewe ulisema uongo, nami nikanyamaza. Kosa ni letu sote wawili."

Nasieku alitaka kulia. Alijua kwamba wakirudi watanyang'anywa ufunguo, waanze tena kusoma vibao vya malangoni. Hata hivyo akamshika mama mkono, wakarudi.

Walimkuta Mama Kahiga akipanga mitungi ya maji uani.

"Nilikudanganya, mama," Nasieku akasema, akimnyooshea ufunguo. "Niko na ndugu wawili, mapacha. Tumefukuzwa kila mahali kwa sababu ya watoto."

Mama Kahiga hakuupokea. Akauliza kama hao mapacha huwa wanakunywa maji. Nasieku hakuelewa. Ndipo akaelezwa kwamba maji ya kisima cha pale ni ya chumvi, ya kufulia na kuoshea tu. Ya kunywa huletwa na lori mara moja kwa wiki, na kila nyumba hugawiwa kulingana na watu waliomo.

"Mimi siulizi watoto ili nifukuze mtu," akasema. "Nimelea sita hapa hapa. Sasa ungekaa na huo uongo wako, ndugu zako wangekunywa nini?"

Mama akacheka kidogo, na machozi yakamtoka papo hapo.

Siku ya lori la maji, Katoo aliburuta mtungi mtupu uani akiimba kwa sauti yake yote. Hakuna aliyemnyamazisha. Mama, ambaye bado alikuwa na uchovu wa kuhama, alimwita Nasieku kando.

"Wale wengine walitufukuza tukisema ukweli, na iliuma," akamwambia. "Lakini kwa uongo tungepata nyumba hii na kuishi tukiogopa sauti ya Katoo. Hata uchoke namna gani, usiwahi tena kumtoa ndugu yako kwenye hesabu."

Nasieku akaitikia. Akaenda kumsaidia Katoo kubeba mtungi, wakapanga foleni, na alipoulizwa nyumba yao ina watu wangapi, akajibu kwa sauti ya kusikika, "Wanne."