Muhuri wa Bibi

Kila asubuhi Bibi hunisuka nywele huku akinisimulia ndoto zake kwa Kihaka, nami humjibu kwa Kihaka. Nikishavuka daraja kwenda shule, ni Kimandarini tu, hasa nikiwa na Pei-shan, ambaye huiita lugha yetu kelele za wazee wa shambani.

Tulipokuwa darasa la sita, Dokta Hsieh wa chuo kikuu alitutembelea. Alituonyesha samaki watano kwenye kompyuta, tubonyeze upande anaoelekea yule wa katikati bila kubabaishwa na wenzake. Alitaka kujua kama mtoto mwenye lugha mbili, aliyezoea kuizuia moja ili aseme nyingine, huuzoesha ubongo wake kutobabaika. Niliwashinda wote. Kisha akagawa fomu iliyouliza lugha za nyumbani. Pei-shan alikuwa ananichungulia. Nikaandika Kimandarini peke yake.

Fomu ilitaka muhuri wa mlezi, ule wenye jina lake ambao kwetu hutumika badala ya sahihi. Bibi hajui Kimandarini wala kusoma, hivyo aliniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia ni mambo ya shule tu. Akaugandamiza muhuri wake kwa mikono miwili, taratibu, akafurahi ulivyotoka mwekundu na kunyooka. Bibi alikuwa ametia jina lake kwenye karatasi inayosema lugha yake haipo nyumbani mwake.

Wiki nzima sikula vizuri. Dokta aliporudi alinisifu mbele ya darasa kuwa ndimi mwenye kasi zaidi kati ya watoto wa lugha moja, na nikatamani ardhi inimeze. Jioni nikamweleza Bibi kila kitu, nikilia.

Bibi alikuwa akianua figili alizozikausha juani. Akasema, "Kumbe nimejifuta mwenyewe, mjukuu wangu. Tena nikagandamiza vizuri kabisa."

Kesho yake alinisindikiza shuleni, muhuri mfukoni. Dokta alikuwa bado pale na fomu zetu. Mbele yake na ya Pei-shan nililikata jibu langu, nikaandika lugha zote mbili. Kwetu sahihisho halikubaliki bila muhuri, kwa hiyo Bibi akagonga tena juu ya kosa langu.

"Wataalamu bado wanabishana kuhusu jambo hili, Wan-yi," Dokta alisema. "Ukinidanganya wewe, nami nitawadanganya wengi bila kujua. Kuizuia lugha moja ili useme nyingine ni kazi ya ubongo. Kuikana kwa aibu ni uongo, na humuumiza mwenye lugha."

Bibi akaniuliza Dokta amesema nini. Safari hii nilimtafsiria yote, hadi neno la mwisho.