Harusi ya Basi Moja

Roble alikuwa na duka la magodoro na mablanketi mjini Lodwar. Kutoka nyumbani kwake hadi dukani ni hatua mia saba. Alikuwa akienda kwa gari.

Kila asubuhi aliliwasha gari lake jeupe na kuliacha lingurume mlangoni mpaka lipoe ndani. Ndipo akapanda. Saa saba alirudi nyumbani kula, kwa gari. Alienda msikitini, kwa gari. Mkewe Saado akisema tu kwamba chumvi imeisha, Roble alikuwa tayari ameshika ufunguo.

Watu walidhani ana maringo. Hawakujua sababu. Roble alipokuwa mtoto wa miaka tisa, alikimbia vita Somalia pamoja na mama yake. Walitembea siku nyingi mpaka nyayo zikapasuka. Baadaye alifanya kazi ya utingo kwenye malori, kisha akaanza biashara yake mwenyewe. Siku aliponunua gari, alijiambia, "Mimi na kutembea tumeachana."

Mwaka huu binti yake Deeqa alichumbiwa. Deeqa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kakuma. Mchumba wake, Guled, ni fundi wa baiskeli hapo hapo Kakuma. Ilipangwa kwamba nikaha ifungwe Lodwar siku ya Ijumaa, na Jumamosi bibi harusi asindikizwe hadi Kakuma kwa mumewe.

"Tutatoka na magari kumi na sita," Roble alitangaza wakati wa chai. "Yote meupe. Yote yapige honi kutoka hapa mpaka Kakuma!"

"Aabo, sisi ni watu arobaini na wanane tu," Deeqa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alimwambia baba yake.

"Vizuri. Kila mtu atakaa kwa nafasi."

"Mimi nilifikiria basi moja. Halafu tukifika Kakuma, Guled na wenzake watupokee kwa baiskeli."

Roble aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Baiskeli? Binti yangu aingie kwa mumewe kwa baiskeli? Watu watasema Roble amefilisika!"

"Watu watasema nimeolewa na fundi wa baiskeli, na ni kweli. Mimi sioni aibu, Aabo. Wewe unaona?"

Ukweli ni kwamba Roble aliona aibu kidogo. Deeqa alijua. Aliinuka, akaingia chumbani bila kumaliza chai yake. Saado alimtazama mumewe, akachukua kikombe cha binti yake na kumfuata. Hilo lilimuumiza Roble kuliko maneno.

Jioni hiyo Roble alivuka njia kwenda kwa jirani yake, Christine Akeno. Kazi ya Christine ni kupima hali ya hewa: mvua, joto na upepo. Roble alitaka kumuuliza jambo moja tu.

"Ejok, Mama Ebei!" alisalimu kutoka langoni.

"Ejok-noi, Baba Deeqa. Karibu, chukua kiti."

"Niambie, Jumamosi ijayo kutakuwa na mvua? Sitaki magari yangu kumi na sita yakute laga, ule mto mkavu, imejaa maji."

Christine alicheka. "Baba yangu kule Lokitaung angekujibu kwa kuangalia mawingu tu. Lakini hiyo ni zamani. Siku hizi mvua haijulikani. Inakosekana msimu baada ya msimu, halafu inakuja yote kwa siku moja na kubeba hata mbuzi waliobaki. Mzee alikuwa na mbuzi themanini. Sasa ana kumi na mmoja."

"Pole sana. Mvua ni ya Mungu."

"Ndiyo, mvua ni ya Mungu. Lakini moshi ni wetu."

"Moshi gani?"

Christine alivuta kiti chake karibu. "Wewe unauza blanketi. Mtu akijifunika blanketi moja asubuhi ya baridi, si anasikia vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Na akijifunika matano hapa Lodwar saa nane mchana?"

"Huyo tutamzika!" Roble alisema, na wote wawili wakacheka.

"Basi dunia nayo ina blanketi. Ni hewa. Inatunza joto la jua ili tusigande. Sasa tukichoma petroli, dizeli na makaa ya mawe, kuna gesi inatoka. Huwezi kuiona. Inapanda juu na kukaa huko miaka mingi. Ni kama kuongeza blanketi juu ya blanketi. Joto linakosa pa kutokea. Joto likizidi, mvua inavurugika. Ukame unakuwa mkali, na mafuriko pia."

Roble aligeuka kulitazama gari lake ng'ambo ya njia. "Kwa hivyo gari langu ndilo limemaliza mbuzi wa mzee?"

"Hapana, siwezi kukudanganya. Watu wa nchi tajiri na viwanda vyao wamechoma mafuta mengi kuliko sisi. Wao ndio wanapaswa kupunguza zaidi. Turkana yote inachoma kidogo sana. Lakini hata hapa magari yanaongezeka, na hewa haiulizi moshi umetoka kwa nani. Tukitaka wengine wapunguze, na sisi tusichome bure."

"Kuchoma bure ni kufanya nini?"

"Ni kuwasha gari kwenda hatua mia saba. Ni kuliacha lingurume nusu saa ukiongea na rafiki yako Lokeno barabarani. Ni kupeleka gari kumi na sita mahali ambapo basi moja linatosha. Basi hilo litachoma mafuta kama ya gari tatu au nne, na litabeba watu wenu wote."

"Na mtu akiugua ghafla?"

"Mpeleke kwa gari, na haraka! Mzigo mzito pia, peleka kwa gari. Sikuambii uliuze. Nakuambia ujiulize kila mara: safari hii inahitaji gari kweli?" Christine aliinua kikombe chake cha bati. "Na vitu pia ni hivyo hivyo. Chupa ya plastiki imetengenezwa kwa mafuta na kuletwa hapa kwa mafuta. Ukinywa maji dakika mbili na kuitupa, mafuta yote hayo yamepotea. Kikombe hiki nimekitumia miaka kumi."

Roble alikuna ndevu zake. "Haya. Na mvua ya Jumamosi?"

"Uliza tena Alhamisi," Christine alisema akicheka.

Asubuhi iliyofuata, Roble alisimama mbele ya gari lake. Jua lilikuwa bado dogo. Alijiuliza swali la Christine, na jibu hakulipenda. Akafungua lango, akatoka kwa miguu.

Hakufika mbali. "Baba Deeqa! Gari imeharibika?" aliita mama mmoja aliyekuwa akifagia.

"Hapana, ni nzima."

Mwenye pikipiki akasimama. "Mzee, panda. Nitakubeba bure. Shida ni kitu cha kawaida."

"Sina shida!"

Lokeno, muuza mikeka na rafiki yake wa siku nyingi, alimshika mkono kwa huruma. "Ndugu yangu, umeuza gari kwa sababu ya harusi?"

"Lokeno, natembea tu! Mtu hawezi kutembea?"

"Anaweza," Lokeno alisema, "lakini si wewe." Kisha akamsindikiza mpaka dukani, wakiongea njia nzima.

Roble alipofungua duka, aligundua kwamba miguu haikumuuma. Alikuwa ameogopa kwamba kutembea kungemrudisha kwenye zile siku za vita. Lakini huku hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Alikuwa mtu mzima anayekwenda kwenye duka lake, na watu walimwita kwa jina.

Alitembea siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne alikaa karibu na Deeqa, aliyekuwa akichagua mchele.

"Basi lina viti vingapi?" aliuliza.

Deeqa aliinua kichwa polepole. "Hamsini na kimoja, Aabo."

"Tafuta basi. Na mwambie Guled asafishe hizo baiskeli zake."

Deeqa alimkumbatia kwa mikono yenye unga wa mchele. Saado alisikia kutoka jikoni, akatoka na habari yake. "Basi na mimi sinunui zile chupa mia nne za maji, wala sahani za kutupa. Nitaazima masinia makubwa msikitini. Tutakula pamoja kama zamani. Maji tutaweka kwenye mitungi."

Mchana, kaka yake Roble, Abdijabar, alipiga simu kwa hasira. "Walaal, ndugu yangu, nasikia hakuna msafara! Unataka ukoo wetu uchekwe? Mimi nitakuja na gari langu."

"Njoo nalo mpaka kwangu," Roble alimjibu kwa upole. "Kuna kivuli, litapumzika. Kiti chako ni cha mbele, karibu na dereva."

Nikaha ilifungwa Ijumaa, Guled akatangulia Kakuma, na Jumamosi ilifika bila wingu hata moja. Basi lilitoka Lodwar saa moja asubuhi. Halikuwa limefika mbali wakati shangazi mmoja alipoanza kuimba. Wanawake wakaitikia. Wanaume wakapiga makofi. Abdijabar alikuwa amekunja uso, lakini wimbo wa tatu ulikuwa wa ujana wake, na alijikuta akiimba kwa sauti kuliko wote.

"Mnaona?" Saado alisema. "Kwenye gari kumi na sita, nani angeimba na nani?"

Mwanzo wa mji wa Kakuma, Guled alikuwa akisubiri na wenzake ishirini. Baiskeli zao zilifungwa vitambaa vya kila rangi, na kengele zote zililia kwa pamoja. Katikati yao palikuwa na baiskeli moja ya ajabu. Ilikuwa na magurudumu matatu, kiti kipana nyuma, na paa la kitambaa cha kijani la kuzuia jua. Guled alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake kutokana na vyuma vya zamani.

Roble aliizunguka mara mbili. Aligusa maungio ya chuma. Yalikuwa imara na laini.

"Kazi hii umeifanya wewe?"

"Ndiyo, Mzee. Wiki tatu. Nilianza hata kabla hujakubali."

Roble alimtazama kijana huyo kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Nani ataiendesha?"

"Rafiki yangu mmoja, Wiyual. Ana nguvu."

"Wiyual apumzike," Roble alisema. Akakunja mikono ya kanzu yake. "Deeqa, panda."

Watu walipiga vigelegele mpaka watoto wakatoka mbio majumbani. Roble alikanyaga pedali kwa nguvu. Jasho lilimtoka. Kwenye mchanga gurudumu lilizama, na Abdijabar ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma, huku akipiga kelele, "Honi! Pigeni honi!" Kengele ishirini zikamjibu. Deeqa alicheka mpaka wanja ukamtoka machoni.

"Aabo, umechoka?"

"Kaa vizuri," Roble alisema akihema. "Mimi ndiye ninayekupeleka."

Nyumbani kwa Guled masinia yalijaa wali na nyama ya ngamia. Watu walikaa chini sita sita, wakala mpaka masinia yakabaki meupe. Sherehe ilipoisha, Saado aliangalia uwanja. Hakuona chupa, hakuona sahani zilizotupwa. Mbuzi wa jirani walipita, wakanusa, wakaenda zao.

Miezi minne imepita. Guled amepata kazi ya kutengeneza baiskeli nyingine tano za aina ile, moja ya kubebea maji ya shule anayofundisha Deeqa. Gari la Roble siku nyingi huwa chini ya kivuli. Mwezi uliopita lilimkimbiza mama mjamzito hospitalini, na siku hiyo hakuna aliyemwambia Roble atembee.

Zamani, wafanyabiashara wanne wa mtaa wake walikuwa wakipeleka bidhaa Kakuma kila mtu na pikapu yake, nusu tupu. Sasa wanasubiri Jumanne na kujaza lori moja.

Jumapili iliyopita Deeqa alimpigia simu baba yake. "Aabo, njoo! Guled amepika samaki wa ziwani."

"Nitakuja Jumanne," Roble alijibu, "pamoja na mikeka ya Lokeno."

"Jumanne samaki watakuwa wamekwisha!"

"Basi mwambie apike wengine," Roble alisema. "Na apike wengi. Lori litakuwa limejaa watu na mizigo, na Mama Ebei atakuwamo."